Barabara Ikifungwa, Jiko Hupoa: Jinsi Misukosuko ya Kisiasa Inavyodumaza Uchumi

Msafiri anayetoka Nairobi kuelekea Nakuru, akishaipita Gilgil, hupokelewa na moshi wa nyama choma kabla hajaona kibanda hata kimoja. Hapo ni Kikopey, kituo kinachojulikana sana na madereva wa malori, abiria wa matatu, familia zinazoelekea mashambani na wageni wanaokwenda kuitazama Elementaita. Mbuzi na kondoo huchinjwa, nyama hupimwa kwa kilo, huchomwa mteja akiona, kisha huletwa mezani pamoja na ugali na kachumbari.

Kikopey haitegemei kiwanda wala ofisi kubwa. Biashara yake imesimama juu ya uamuzi mmoja unaofanywa na mtu asiyejulikana, ndani ya gari linalokwenda kasi: asimame au apite. Akiwa na haraka, atapita leo na kusimama wiki ijayo. Akiwa na hofu, hatasafiri kabisa.

Uchaguzi Mkuu ujao umepangwa kufanyika tarehe 10 Agosti 2027. Kila msimu wa siasa unapokaribia, huzungumzwa sana kuhusu amani, na mara nyingi mazungumzo hayo huachwa kwa viongozi wa dini na maafisa wa usalama. Lakini amani ni suala la uchumi pia. Makala haya yanaeleza jinsi mvutano unaoanzia kwenye majukwaa ya siasa unavyoishia kwenye mfuko wa mchomaji nyama, mfugaji, mkulima wa viazi na mfanyakazi wa shamba la maua, na jambo ambalo mkazi anaweza kulifanya mapema.

JIKO MOJA, MIKONO MINGI

Ukuaji wa uchumi ni maneno yanayosikika sana wakati wa kusomwa kwa bajeti. Maana yake si ngumu. Ni ongezeko la thamani ya bidhaa na huduma zote zinazozalishwa nchini kwa mwaka mmoja, ikilinganishwa na mwaka uliotangulia. Nyama inayouzwa Kikopey, maua yanayokatwa Naivasha, viazi vya Molo na nauli ya matatu ya Gilgil zote zimo katika hesabu hiyo.

Chukua mfano wa kibanda kinachochinja mbuzi watano kwa siku. Mbuzi hao wametoka kwa wafugaji, wakapitia kwa mfanyabiashara wa mifugo na dereva wa pikapu. Pale kibandani kuna mchinjaji, mkata nyama, mchomaji, mhudumu wa meza na kijana anayewapungia mkono wenye magari. Nyuma yao kuna muuza mkaa, mama anayeleta nyanya, vitunguu na dhania, mwenye maji, mnunuzi wa ngozi na mwendeshaji bodaboda anayewarudisha wafanyakazi nyumbani usiku.

Wasafiri wakipungua na kibanda hicho kikachinja mbuzi wawili badala ya watano, hasara haimkuti mwenye kibanda peke yake. Wafugaji wamekosa soko la mbuzi watatu siku hiyo. Mama wa nyanya anarudi na nusu ya mzigo wake, na nyanya hazingoji. Vibarua wawili wanaambiwa wapumzike hadi hali itakapokuwa nzuri. Jioni, duka la mtaani linauza unga kidogo kuliko jana kwa sababu vibarua hao hawakulipwa. Hakuna aliyechomewa kibanda wala aliyepigwa jiwe, na bado familia zaidi ya kumi zimepoteza kitu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kikopey methali hiyo ni hesabu ya kila siku.

JANUARI 2008 KATIKA BONDE LA UFA

Wakazi wengi wa kaunti hii hawahitaji kusimuliwa yaliyotokea. Kwa vijana waliokuwa wadogo au hawajazaliwa, ni muhimu yaelezwe.

Uchaguzi Mkuu ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007 na matokeo ya urais yakatangazwa tarehe 30 Desemba. Ghasia zilizuka katika sehemu mbalimbali za nchi. Mwishoni mwa Januari 2008 zilifika kwa nguvu mjini Nakuru na kisha Naivasha. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia hizo, iliripoti kwamba watu 1,133 waliuawa kote nchini. Mamia ya maelfu walifurushwa makwao, na Uwanja wa Maonyesho ya Kilimo wa Nakuru ukageuka kambi ya wakimbizi wa ndani.

Barabara kuu inayopita Kikopey ilikuwa kati ya Nakuru na Naivasha, yaani kati ya miji miwili iliyokuwa ikiungua. Vijana waliweka vizuizi katika sehemu kadhaa za barabara hiyo. Malori yalilazimika kusafiri kwa misafara yenye ulinzi wa polisi. Huko Kibera, Nairobi, reli iling'olewa.

Madhara hayakuishia mpakani. Barabara hii ni sehemu ya Ukanda wa Kaskazini, njia inayounganisha Bandari ya Mombasa na Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo. Katika wiki za mwanzo za 2008, Uganda na Rwanda zilikumbwa na uhaba wa mafuta kwa sababu malori hayakuweza kupita. Mtu wa Kampala ambaye hakuwa na kura nchini Kenya alipanga foleni ya petroli kwa sababu ya vizuizi vya Bonde la Ufa.

Mkataba wa kugawana mamlaka ulitiwa saini tarehe 28 Februari 2008, kwa upatanishi wa Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Tangu kutangazwa kwa matokeo hadi siku hiyo ilikuwa miezi miwili. Uchumi ulichukua muda mrefu zaidi kuinuka.

TAKWIMU ZILISEMA NINI

Mwaka 2007 uchumi wa Kenya ulikua kwa asilimia 7.1, kulingana na takwimu zilizotangazwa na serikali wakati huo. Mwaka 2008 ulikua kwa asilimia 1.7. Hesabu za taifa ziliporekebishwa baadaye, takwimu ya 2008 ilishuka hata zaidi.

Mtu anaweza kusema kwamba asilimia 1.7 bado ni ukuaji. Lakini idadi ya Wakenya ilikuwa ikiongezeka kwa zaidi ya asilimia 2 kila mwaka. Mkate ukiongezeka kidogo huku walaji wakiongezeka zaidi, kipande cha kila mmoja hupungua. Kwa wastani, Mkenya alikuwa maskini zaidi mwishoni mwa 2008 kuliko mwaka mmoja kabla.

Kasi ya ukuaji ina maana kubwa kwa nchi inayoendelea. Uchumi unaokua kwa asilimia 7 kila mwaka huongezeka maradufu kwa takriban miaka 10. Unaokua kwa asilimia 2 huchukua takriban miaka 35. Tofauti ya miaka hiyo 25 ni tofauti kati ya mzazi kuona mabadiliko akiwa na nguvu zake, na mzazi kuwaachia wajukuu wasubiri.

Sekta ya hoteli na mikahawa ndiyo iliyoumia zaidi mwaka huo, ikapungua kwa zaidi ya thuluthi moja. Idadi ya wageni waliozuru Kenya ilishuka kutoka takriban milioni 1.8 mwaka 2007 hadi takriban milioni 1.2 mwaka 2008. Kwa kaunti yenye Mbuga ya Ziwa Nakuru, Hell's Gate na hoteli za Naivasha, hiyo ilikuwa hasara ya moja kwa moja.

Ni haki kueleza kwamba si yote yaliyosababishwa na siasa. Mwaka huo huo kulikuwa na ukame, bei ya mafuta na vyakula ilipanda duniani, na msukosuko wa kifedha ulioanzia Marekani ukaenea. Lakini ukame na bei za dunia ni mambo ambayo mwananchi hana uwezo wa kuyazuia. Ghasia tulizianzisha wenyewe kama taifa, na ziliikuta nchi kabla ya nyingi ya shida hizo nyingine, zikaifanya dhaifu zaidi ya kuzihimili.

NJIA NNE AMBAZO HASARA HUPITA

Kwanza ni usafiri. Kaunti ya Nakuru huishi kwa barabara. Maziwa, mboga, maua na nyama ni bidhaa zinazoharibika. Kuchelewa kwa siku moja si usumbufu tu, ni kumwaga mali. Mkulima wa Njoro au Kuresoi hawezi kuwaambia ng'ombe wasitoe maziwa hadi barabara ifunguliwe.

Pili ni wafanyakazi. Watu wakihofia maisha yao huhama, na wanaohama huondoka na ujuzi wao. Watafiti Christopher Ksoll, Rocco Macchiavello na Ameet Morjaria walichunguza mashamba ya maua nchini Kenya katika kipindi cha ghasia za 2008. Waligundua kwamba mashamba yaliyokuwa katika maeneo yenye ghasia yalipoteza zaidi ya thuluthi moja ya maua ambayo yangeuzwa nje. Wengi wangedhani sababu kuu ilikuwa barabara. Watafiti hao walionyesha kwamba sababu kubwa ilikuwa wafanyakazi kutofika kazini. Wenye mashamba waliweza kukodi magari na kuomba ulinzi wa polisi, lakini hawakuweza kukata waridi bila mikono ya watu. Ghasia za Naivasha zilitokea wiki mbili na ushei kabla ya Siku ya Wapendanao, tarehe 14 Februari, msimu ambao soko la waridi la Ulaya huwa juu kabisa. Utafiti huo pia ulionyesha kwamba mashamba makubwa, na yale yenye mikataba ya kudumu na wanunuzi, yaliumia kidogo kuliko madogo.

Tatu ni imani. Mtu anayetaka kujenga hoteli, ghala au kiwanda huhesabu miaka kumi au ishirini mbele. Asipojua kama kutakuwa na utulivu baada ya kila uchaguzi, huahirisha. Benki nazo huogopa, na zikiogopa hupandisha riba au hudai dhamana kubwa. Hofu hii huanza kabla ya siku ya kupiga kura. Wafanyabiashara wengi huzuia kuagiza bidhaa, kuajiri au kupanua biashara katika miezi ya kuelekea uchaguzi, wakisema acha kwanza tuone. Miezi hiyo ya kungoja haionekani kwenye picha za magazeti, wala haihesabiwi kama uharibifu, lakini kazi ambazo hazikuanzishwa haziajiri mtu.

Nne ni mapato ya umma. Kaunti hukusanya ada za soko, leseni za biashara, maegesho ya magari, ushuru wa mazao na ada nyingine. Biashara zikifungwa, mapato hayo hushuka. Serikali kuu nayo hukusanya kodi kidogo, na huenda mgao wa kaunti ukachelewa. Wakati huo huo mahitaji huongezeka: majeruhi wanahitaji matibabu, waliofurushwa wanahitaji chakula na makao. Fedha zilizotengwa kwa dawa, maji au barabara ya kijijini hulazimika kuziba mapengo.

KWA NINI MNYONGE HUUMIA ZAIDI

Nchi tajiri pia huwa na misukosuko ya kisiasa. Serikali huvunjika, watu huandamana, na bado maduka huendelea kufunguliwa. Tofauti iko kwenye akiba. Kampuni kubwa ina bima, ina mkopo wa dharura, ina wateja katika nchi kumi. Mchomaji wa Kikopey ana mtaji wa siku hiyo. Asipouza leo, kesho hana pesa za kununua mbuzi mwingine.

Wanauchumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifuatilia watu wa kipato cha chini magharibi mwa Kenya katika kipindi hicho cha 2007 na 2008. Waligundua kwamba mapato yao, matumizi yao na hata chakula chao vilipungua kwa kiasi kikubwa wakati wa mgogoro. Hilo linathibitisha jambo ambalo wengi hulijua bila kitabu: watu wengi hawana mahali pa kukimbilia kipato kinapokatika ghafla.

Nakuru ilikuwa na funzo hilo hata kabla ya 2008. Mapigano ya mwaka 1992 huko Molo na maeneo jirani yaliwaondoa wakulima mashambani mwao. Mkulima akikosa msimu mmoja wa kupanda hupoteza mavuno, mbegu ya msimu unaofuata na mara nyingi mifugo aliyoiuza kwa bei ya kutupa ili ahame. Kurudi pale alipokuwa huweza kumchukua miaka mingi.

WENGINE WALIPITIA YAYO HAYO

Kenya haiko peke yake. Mwaka 1996, Alberto Alesina, Sule Özler, Nouriel Roubini na Phillip Swagel walichapisha utafiti kuhusu nchi 113, katika kipindi cha 1950 hadi 1982. Walihitimisha kwamba pale ambapo serikali ilikuwa katika hatari kubwa ya kuanguka, uchumi ulikua polepole zaidi kuliko kawaida.

Mifano ya karibu ipo. Nchini Madagaska, mamlaka yalibadilika kwa nguvu mwezi Machi 2009. Marekani iliiondoa nchi hiyo kwenye mpango wa AGOA, uliokuwa ukiruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru, kuanzia Januari 2010. Viwanda vya nguo vilivyotegemea soko hilo vilifungwa au kupunguza kazi, na maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakabaki bila ajira. Wao hawakuwa wamempindua mtu.

Burundi iliingia kwenye mgogoro wa kisiasa mwezi Aprili 2015, na mwaka huo uchumi wake ukarudi nyuma. Cote d'Ivoire, mzalishaji mkubwa wa kakao, ilikumbwa na vita baada ya uchaguzi wa 2010, uchumi ukapungua mwaka 2011. Lakini utulivu uliporejea, uchumi wa nchi hiyo ulikua kwa kasi mwaka 2012 na miaka iliyofuata. Funzo la Cote d'Ivoire lina pande mbili: hasara huja haraka, na kuinuka kunawezekana watu wakirudi kazini wakiwa na uhakika wa kesho.

UTULIVU SI KUNYAMAZA

Kuna hatari ya kuielewa mada hii vibaya. Utulivu wa kisiasa haumaanishi kwamba mwananchi afunge mdomo ili biashara iendelee. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa amani na bila silaha. Haki hiyo inalindwa hata pale ambapo maandamano yanachelewesha magari.

Tena uhusiano kati ya siasa na uchumi huenda pande zote mbili. Vurugu hudumaza uchumi, na uchumi uliodumaa huzaa vurugu. Kijana aliyemaliza chuo na kukaa nyumbani miaka mitatu ni rahisi kununuliwa kwa pesa kidogo aweke mawe barabarani. Mwananchi anayelipa kodi asione dawa hospitalini hujaa hasira. Maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha yalitokana na malalamiko ya kweli kuhusu gharama ya maisha na matumizi ya fedha za umma. Maisha ya Wakenya yalipotea, mali ikaharibiwa, na mswada ukaondolewa. Mwezi uliofuata, shirika la Moody's, ambalo hupima uwezo wa nchi kulipa madeni, lilishusha daraja la Kenya kutoka B3 hadi Caa1. Daraja likishuka, serikali hukopa kwa gharama kubwa zaidi.

Jambo linalojitokeza ni kwamba malalamiko yanayosikilizwa mapema hugharimu kidogo kuliko yanayosubiri hadi yalipuke. Ndiyo sababu sheria inaitaka kila kaunti iwashirikishe wananchi katika kupanga bajeti. Kila mwaka, mwelekeo wa bajeti ya kaunti huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Katika miezi hiyo mkazi ana nafasi ya kusema soko gani halina choo, barabara gani haipitiki na fedha za mwaka uliopita zilikwenda wapi. Mikutano hiyo ikihudhuriwa na watu wachache, maamuzi hufanywa na wachache.

NJIA ZILIZOPO SASA

Baada ya 2008, Kenya ilijenga taasisi ambazo hazikuwepo au hazikuaminiwa wakati huo. Katiba mpya ilizinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, ikaanzisha Mahakama ya Juu na serikali za kaunti, zilizoanza kazi baada ya uchaguzi wa 2013.

Katiba imeweka muda mfupi wa kutatua mzozo wa urais. Anayepinga matokeo ana siku 7 baada ya kutangazwa kuwasilisha kesi katika Mahakama ya Juu, na mahakama ina siku 14 kutoa uamuzi. Kwa nafasi nyingine, wakiwemo gavana, mbunge na mwakilishi wadi, kesi huwasilishwa ndani ya siku 28 na huamuliwa ndani ya miezi 6.

Njia hii imetumika. Matokeo ya urais ya 2013, 2017 na 2022 yote yalipelekwa mahakamani. Tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilifuta matokeo na uchaguzi ukarudiwa tarehe 26 Oktoba. Mwaka huo ulikuwa mgumu kwa biashara kwa sababu kipindi cha kungoja kilirefuka, na kulikuwa na vifo na makabiliano katika sehemu kadhaa za nchi. Hata hivyo, nchi haikurudi pale ilipokuwa Januari 2008. Mwaka 2022, uamuzi wa mahakama ulitolewa tarehe 5 Septemba, chini ya mwezi mmoja baada ya kura kupigwa, na magari yakaendelea kupita Kikopey usiku na mchana.

Mzozo unaojulikana utakwisha lini huvumilika. Mfanyabiashara anaweza kupanga akijua kwamba ndani ya wiki chache jibu litapatikana. Kinachoua biashara ni mzozo usio na mwisho unaojulikana.

HATUA ZA MKAZI

Usalama na polisi ni jukumu la serikali kuu. Serikali ya kaunti husimamia masoko, leseni, afya, kilimo na barabara za kaunti. Lakini kuna mambo ambayo hayangoji serikali yoyote.

Weka akiba ndogo ya dharura. Mwenye kibanda akiweza kuweka kando pesa za kununua mbuzi wa siku tatu au nne, ataweza kurudi kazini bila kukopa kwa riba kubwa. Vyama vya akiba na mikopo na vikundi vya chama husaidia katika hilo. Si busara kulaza pesa nyingi taslimu kibandani.

Uliza kuhusu bima. Bima nyingi za kawaida za moto hazilipi hasara inayotokana na ghasia za kisiasa. Mwenye duka, ghala au gari anapaswa kumwuliza wakala wake, kabla ya msimu wa uchaguzi, kama kuna kinga ya ghasia na gharama yake ni ngapi.

Hifadhi rekodi na hati. Leseni, risiti, orodha ya bidhaa, cheti cha shamba na vitambulisho vipigwe picha na kuhifadhiwa mahali pengine. Baada ya 2008, waathiriwa wengi hawakuweza kuthibitisha walichopoteza.

Mkulima na mfugaji wazungumze mapema na wanunuzi. Mashamba ya maua yenye mikataba ya kudumu yaliumia kidogo. Hata kikundi kidogo cha wakulima wa viazi au wafugaji wa mbuzi kinaweza kukubaliana na mnunuzi kuhusu kiasi, bei na njia mbadala ya kufikisha mzigo.

Usieneze chuki. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inampa anayepatikana na hatia ya matamshi ya chuki faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Sheria haijali kama maneno yamesemwa jukwaani au yametumwa kwenye kikundi cha simu. Ujumbe unaotaja kabila fulani kama adui unapaswa kuripotiwa kwa polisi, kwa chifu au kwa Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, wala usisambazwe hata kwa nia ya kushangaa.

Jiandikishe kupiga kura na uhakikishe jina lako. Usajili hufanyika katika ofisi za Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, kwenye maeneo bunge yote 11 ya Nakuru. Asiyepiga kura hana namna ya amani ya kubadilisha asichokipenda.

Wazazi na wenye biashara wazungumze na vijana. Anayelipwa shilingi mia chache kufunga barabara hulipwa mara moja. Barabara hiyo hiyo ikiwa wazi, humlipa kila siku mchomaji, kibarua, dereva na mwenye bodaboda, na mara nyingi mmoja wao ni ndugu yake.

Kaunti hii ina watu zaidi ya milioni mbili kutoka jamii karibu zote za Kenya. Mteja wa Kikopey haulizwi kabila lake kabla ya nyama kukatwa, na mfugaji haulizi mbuzi wake ataliwa na mpiga kura wa chama gani. Soko limekwisha kuwaunganisha watu ambao siasa huenda ikajaribu kuwatenganisha mwaka 2027. Kulilinda soko hilo ni kazi ya kila anayekula kwalo.